Pale Olbalbal Alipolazwa Baba Yako

Buger, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Raheli,

Nakuandikia nikiwa mlangoni kwangu, nimekaa kwenye kigoda, karatasi iko juu ya debe nililolipindua. Wewe umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Mama Yohana wangu yuko jikoni anakukaangia vya njiani na kulalamika na moshi. Habari za kuchemsha maji, za kufunga sanduku kwa kamba, na za kutokaa upande wa vumbi kwenye lori, ameshakwambia yeye, na kesho atakwambia tena mpaka dereva achoke kupiga honi. Mimi simo humo. Nina neno moja tu, ila ni refu.

Unajua mjomba wako si mtu wa kalamu. Shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne nalo sikulimaliza, kwa sababu mwalimu aliona hana tena la kunifundisha. Mama Yohana atakwambia nilifukuzwa kwa kuachia mbuzi bustani ya mwalimu. Msikilize, umheshimu, lakini usimwamini. Baadaye kwenye kisomo cha watu wazima mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuinua mkono kwa kila swali, na majibu mengine yalikuwa sahihi kabisa.

Neno lenyewe ni hili. Kesho lori litapita lango la Lodoare, litapanda mpaka ukingo wa kreta, litashuka Malanja, na kabla ya kuelekea Loliondo kwenye hiyo shule uliyopangiwa kufundisha, litapita Olbalbal. Hapo kando ya barabara atakuwepo baba yako mkubwa, Koinet. Nilimpelekea habari kwa watu wa mnadani, naye akajibu kwamba atakuja kukushika mkono akupeleke mahali alipolazwa baba yako. Na wewe umesema mbele yetu sote kwamba hushuki.

"Nishuke kufanya nini, Mjomba?" ndivyo ulivyosema. "Sina mtu pale. Mtu aliyetupwa hana mahali."

Najua hilo neno ulilitoa wapi. Ulilitoa kwenye mazishi ya jirani yetu mzee Tluway, siku ile ulipobeba sufuria ya maharage ukasimama na wenzako kando ya kaburi ukilia. Mama Paskali, ambaye mdomo wake haujawahi kulala tangu nimfahamu, akasema kwa sauti ya kusikika: "Huyu naye analilia makaburi ya wenzie. Baba yake si alitupiwa fisi?" Kuna aliyeguna, kuna aliyecheka ndani ya khanga. Wewe ukaweka sufuria chini, ukaondoka. Tangu siku hiyo hujaniuliza tena habari za baba yako, wewe ambaye ulikuwa ukiniuliza mpaka naishiwa na uongo.

Sasa nakupa ambayo si uongo. Kama humu ndani utakutana na simba au na ukungu wa ajabu, uvumilie, mkono umezoea. Lakini ya baba yako nimeyaandika yalivyo.

Anza na hili: hakuna mtu katika Karatu nzima anayejua kulaza wafu kuliko mimi. Buger yote naichimbia mimi. Hakuna aliyeniteua, nilijiteua kwa jembe langu. Udongo wa hapa nikiuambia sogea, unasogea. Siku nilipomchimbia mzee Hhawu mvua ilikuwa inamwagika, lakini ndani ya shimo halikuingia hata tone, kwa jinsi nilivyokuwa narusha udongo juu mfululizo, mvua ikakosa pa kupita. Muulize yeyote. Usimuulize Mama Yohana.

Ndiyo maana maneno ya kazi hii nayajua, hata yale ya watu wengine. Kaburi na jeneza kila mtu anajua. Lakini kule Karatu mjini niliwahi kusaidia kumchimbia muuza duka mmoja Mwislamu, nikaona wenzetu wana mwanandani, kijumba kidogo kinachochongwa kwenye ubavu wa kaburi, na maiti anaingizwa humo na sanda yake, anageuzwa ubavu kama mtoto aliyelala akitazama ukuta. Nilipenda sana. Nilitaka kuleta mtindo huo Buger, katekista akakataa. Na wazee wetu Wairaqw, kabla ya kanisa, hawakuwa na uwanja wa makaburi. Mzee alizikwa jirani na nyumba yake, bila msalaba, bila maandishi, na aliyetaka kujua yuko wapi alimwuliza mtu. Tulipohamishwa kwenda kukaa pamoja kijijini tuliwaacha wote kule juu mashambani. Leo mahindi yamesimama juu ya babu yangu. Nikipita navua kofia, mahindi yanadhani nayasalimia yenyewe, yanainama.

Tunasema kuzika, tunasema kulaza, tunasema kupumzisha. Kufukia ni kwa viazi na kwa mbwa. Na kutupa nakujua vilevile. Kutupa ni kwa maganda.

Baba yako alikuja Buger mara ya kwanza kutafuta mahindi, mwaka ambao kwao majani yalikuwa yamekwisha. Wakati huo Mmasai akionekana huku, wazee wetu walihesabu ng'ombe kwanza ndipo wakaitika salamu. Yeye aliingia uwanjani kwetu na lubega yake nyekundu, mrefu hata kuku wakakimbia, akaomba maji kwa Kiswahili cha kubahatisha. Dada yangu, yaani mama yako, alimpa kibuyu. Alikunywa taratibu sana. Nikamwambia, "Bwana, hayo ni maji tu, unayatafuna?" Akanijibu, "Nayaangalia. Kwetu hayakai mahali pamoja." Mama yako akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichokuleta wewe duniani.

Alikuwa anakwenda na kurudi. Mvua zikiwa kule, yuko kule na ng'ombe. Ukame ukikaza, anaonekana kwenye kona ile ya mkaratusi na kibuyu cha maziwa yaliyotiwa moshi. Wewe ulikuwa ukimkimbilia unampita, unarudi tena, kwa sababu miguu yake ilikuwa mingi mno kwako kuchagua. Sijui kama unakumbuka. Labda unakumbuka harufu ya moshi na maziwa bila kujua ni ya nani.

Halafu ukaja ukame ambao hakutokea. Akaja kijana wa kwao badala yake, akasimama palepale konani, hakutaka kukaribia. Akasema homa ilimkamata kaka yao wakiwa njiani na mifugo kutafuta maji, na kwamba wameshamlaza Olbalbal. Mama yako akauliza, "Kaburi liko wapi?" Kijana akatazama chini. Mama yako akauliza tena. Kijana akasema, "Mama, hakuna shimo."

Mimi, mchimba makaburi wa Buger, nikasikia hivyo na dada yangu analia. Unadhani nilifanya nini? Nilichukua jembe, sururu na koleo. Nikapigilia msalaba wa mti wa mwerezi. Nikasema nakwenda kumzika shemeji yangu kama mtu. Katekista akanibariki. Watu walinisindikiza mpaka mtoni wakiimba, na mimi mbele, msalaba begani, nilijiona kama askofu.

Lori la chumvi lilinifikisha ukingoni mwa kreta, hapo nikashuka. Raheli, kesho utapita hapo, uangalie. Ukungu wa pale si kama wa kwetu. Ule unakuja unakaa na wewe. Nilikuwa nimechoka na koti limelowa, nikalitundika kwenye ukungu, likakaa. Nikakaa chini nikala kiporo changu cha ugali, koti linaning'inia hapo mbele yangu kama mtu anayenisubiri nimalize. Ulipofunguka kidogo nikaona chini kabisa kule ndani ziwa limelala, limezungukwa na kitu cha rangi ya waridi, na nyumbu kama punje za ulezi zilizomwagika. Nikawaza, kama ningekuwa nimekufa mimi, ningeomba nilazwe wapi katika yote haya? Mahali pote palionekana pameshachukuliwa.

Nikashuka kwa mguu kupitia Malanja. Huko nilikutana na simba. Aliniangalia na jembe langu, akaona huyu ana shughuli zake, akanipisha. Basi, hayo ya simba yaishie hapo, maana naona unacheka.

Olbalbal sasa. Sijui nikuelezeje. Ni tambarare nyeupe, mwanangu, nyeupe ya jivu. Jua likiwa juu, chini kunatokea maji ambayo si maji, na ng'ombe wanatembea ndani yake mpaka magotini, kisha wanapanda, wanatembea hewani. Vumbi linasimama wima kama mtu, linatembea hatua chache, linakaa. Ukisikia kengele ya ng'ombe hujui inatoka mbele au nyuma. Nilitembea pale nikiwa macho lakini sina hakika. Mara nyingi baadaye nimeota nikiwa pale, na kila ndoto ilikuwa inafanana na kweli kuliko ile kweli yenyewe.

Nilifika mahali nikaona panafaa. Sikumwuliza mtu. Hapo ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa ambalo angelifanya mtu wa jembe tu: niliona ardhi wazi, nikadhani inanisubiri. Nikaanza kuchimba kaburi. Mtu wa kuzika sikuwa naye, lakini niliona hata likiwa tupu, nikisimamisha msalaba, dada yangu atapata pa kutaja akiulizwa. Mwanangu, ile ardhi haijui salamu. Juu vumbi, chini mwamba. Jembe lilikuwa linaniruka usoni. Nilichimba mpaka mikono ikatoka damu, na nilikuwa nimeshuka kiasi cha magoti tu, mimi niliyewahi kuikausha mvua.

Kivuli kikaja kikaingia shimoni. Nikatazama juu, nikamwona baba yako amesimama.

Hakuwa yeye. Alikuwa Koinet, kaka yake, lakini urefu uleule na namna ileile ya kuegemea fimbo kwa mguu mmoja. Nyuma yake wazee wengine wamekaa chini wanatazama, kama watu walioletewa ngoma. Sikuwa nimewasikia wakija.

"Shemeji," akasema, "unamtafuta nani humo?"

"Namzika mdogo wako," nikasema. "Nyinyi mmemtupa."

Nililisema neno hilohilo, Raheli. La Mama Paskali. Koinet hakukasirika. Aliligeuza geuza mdomoni kama mtu anayeonja chumvi.

"Wazungu wako kule korongoni Olduvai," akasema, "wanachimba kutoa watu. Wewe umekuja kuchimba kuweka. Hii ardhi mtaiacha ipumzike lini?"

Wazee wakacheka, na mmoja akaongeza kitu kwa Kimaa wakacheka zaidi. Nikauliza amesema nini. Koinet akasema, "Anasema shimo lako ni zuri, ila ng'ombe atavunjikia mguu humo, kisha utamzika na huyo ng'ombe?"

Basi nikakaa kwenye ukingo wa shimo langu nikalia, kwa hasira kwanza, na baadaye kwa yule mtu mwenyewe, shemeji yangu, aliyekuwa akitafuna maji. Koinet akateremka akakaa pembeni yangu, miguu yake mirefu ndani ya shimo. Akanipa tumbaku. Tulipomaliza, akaanza kurudisha udongo kwa mikono. Wazee wakaja wakasaidia. Kwao kupasua ardhi ya malisho ni kuiumiza, na walilifunika shimo lile kama mtu anavyofunika kidonda. Mimi nikafukia pamoja nao. Ndilo kaburi pekee nililowahi kulijaza likiwa tupu. Msalaba Koinet aliubeba mwenyewe, akauliza ni mti gani, akaunusa, akasema unanukia vizuri. Sijui aliupeleka wapi. Mwulize.

Halafu akanipeleka. Ni mteremko mdogo, una migunga michache na mawe meupe, mahali ambapo tambarare inaanza kupanda kuelekea milimani. Hakuna kitu pale, nakwambia mapema usije ukashtuka. Hakuna alama. Koinet akasimama mbali kidogo, akanionyesha kwa fimbo, akaniambia yote kwa sauti ndogo, na hata mara moja hakutaja jina la mdogo wake. Ndivyo walivyo, jina la aliyeondoka hawaliamshi. Na mimi katika barua hii sijaliandika, kama umeona.

Alisema walimpaka mafuta ya kondoo, kichwa mpaka miguu. Walimvalisha kandambili mpya za ngozi. Walimlaza ubavu, magoti yamekunjwa, mkono chini ya kichwa, namna mtu anavyolala akiwa amechoka na safari na hana wasiwasi na watu wa nyumbani. Na mkononi walimwekea majani mabichi.

Nikasema, "Shemeji, majani mabichi ya wapi?" Kwa sababu nilikuwa nimeitembea ile tambarare yote. Ulikuwa ni ule ukame ambao ng'ombe walikuwa wanalamba mawe. Hapakuwa na unyasi wa kijani mpaka macho yanapoishia.

Koinet akageukia migunga. Mzee mmoja nyuma yetu ndiye alijibu. Akanyoosha kidole kule juu, kwenye milima, ambako ukungu ulikuwa unafurika juu ya ukingo kama maziwa yanayochemka. Akasema, "Huyu kaka yake alipanda kule. Kwa mguu. Akaleta mkononi, akiyafunika na lubega yasikauke. Sisi tulimsubiri na mdogo wake."

Raheli, kesho ukipanda na lori uangalie ule mlima ulivyo. Uone injini itakavyolia. Kisha uwaze mtu mzima, aliyefiwa, hajala, anaupanda kwa miguu kwenda kuchuma majani ya kujaza kiganja kimoja, anateremka nayo juani akiyakinga kama mtu aliyebeba moto. Halafu rudi kwa Mama Paskali umuulize, kitu cha kutupa wewe huwa unakifanyia hivyo?

Ya fisi sitakuficha. Walikuja. Koinet alisema walikuja usiku uleule wa kwanza, na familia ikashukuru, kwa sababu wangechelewa ingekuwa ni dalili mbaya, watu wangechinja kondoo kuomba. Nilipolisikia hilo mwili ulinisisimka kama wako unavyosisimka sasa. Lakini mimi ni mchimbaji. Nimewahi kugonga makaburi ya zamani nikichimba mapya, najua udongo wetu mzuri mweusi unamfanyia nini mtu, na kwa muda gani, na nani wanaokuja humo gizani. Sitakueleza, una safari. Nakwambia tu kwamba sikuona sababu ya kumcheka mwenzangu.

Kisha nilifanya jambo ambalo hakuna mwingine Karatu amelifanya. Nililala pale. Nilitaka kuona yeye alikuwa anatazama nini. Nikajilaza ubavu, nikakunja magoti, mkono chini ya kichwa. Koinet akapiga kelele, "Shemeji! Hapo hapalaliwi na mzima!" lakini nilikuwa nimeshalala. Ukiwa chini hivyo, tambarare inaondoka. Unabaki na milima tu, na lile wingu linalomwagika bila kufika chini, na huku unasikia kwato mbali ardhini, zinapita sikioni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Jua lilikuwa la mchana lakini halikuunguza. Usingizi ukanichukua. Akaja baba yako akachuchumaa mbele yangu, mafuta yanang'aa usoni, akaniambia, "Sogea kidogo." Nikasogea. Akaniomba tumbaku. Nikamwambia muombe kaka yako, ya kwangu nimepewa na yeye. Akacheka, akakaa tu. Tulikuwa tunatazama wingu.

Koinet aliniamsha kwa kunigusa na ncha ya fimbo, uso umempauka kwa hofu. "Umeona nini?" Nikamwambia, "Nimeona njaa. Mna ugali?" Akakaa chini palepale akacheka mpaka akafuta macho na lubega. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alikuwa anacheka tangu afiwe, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Nilirudi Buger bila msalaba na bila kaburi. Watu walinisubiri nisimulie. Niliwasimulia simba. Mama yako peke yake nilimwambia habari ya majani, tukiwa shambani. Aliegemea mpini wa jembe. Kisha akasema, "Basi hakwenda mikono mitupu." Akaendelea kupalilia. Hakuniuliza tena kaburi mpaka naye alipougua.

Na yeye nilimchimbia mimi, unakumbuka ulikuwa umekaa kwenye mkeka na Mama Yohana. Kwa kuwa alikuwa dada yangu nilitaka liwe kaburi ambalo Buger haijapata kuona. Nikachimba, nikachimba, nikawa nasikia sauti za watu juu kama wako kijiji kingine. Katekista Safari akaja akachungulia, akasema, "Wewe Danieli, unamzika dada yako au unatafuta maji?" Jeneza lilipoletwa kamba hazikufika chini. Likawa linaning'inia, watu wanahangaika, wanawake wanapiga yowe. Ilibidi nibaki mulemule ndani nilipokee kwa mikono yangu.

Nilimpokea. Uzito wake ulinijia kifuani, nikamteremsha taratibu, nikaweka sawa upande wa kichwa ili asilale mteremko. Hapakuwa na mtu mwingine humo, ila mimi na yeye na mstari wa mbingu kule juu. Nikamkumbuka Koinet. Sikuwa nimemuwaza siku hiyo hata kidogo, lakini nilimkumbuka akiwa amepiga magoti kwenye mawe yale meupe anamkunjia mdogo wake mkono, anamfumbatisha majani. Tulikuwa tumefanya kazi moja, mimi chini ya ardhi na yeye juu yake. Tangu siku ile neno la kutupa likisemwa mbele yangu kuhusu baba yako, huwa naona mtu amenitukana mimi.

Ile siku ya mzee Tluway nilipaswa kumwambia Mama Paskali hivyo. Nilikuwa nimeshika koleo, nikaendelea kushindilia udongo. Mtu mwenye maneno mengi kama mimi, siku inapohitajika neno, unamkuta yuko na koleo. Uwe mwepesi kuliko mimi katika hilo tu. Katika mengine yote nifuate.

Sasa jua linaelekea kuzama nyuma ya msitu wa Marang na nasikia sauti zenu mkirudi bondeni, mmoja anaimba sauti ya juu vibaya, nadhani ni wewe. Acha nimalizie.

Mama yako ana mahali pake. Kila mwaka unapalilia, unapanga mawe, unapaka chokaa msalaba. Kule hutakuta pa kupalilia. Mimi sikwambii utajisikiaje, maana mimi nilisikia njaa. Koinet amezeeka, macho yake yameanza kuwa na utando. Mwaka huu kaniambia kupitia watu wa mnadani kwamba wale wazee waliokuwepo siku ile wameisha, wanaojua mahali penyewe amebaki yeye na mimi. Na mimi, nikuambie ukweli, nikipelekwa leo nitaonyesha mteremko wowote wenye migunga na kuapa ndiyo huo, na nitaongeza simba. Yeye akiondoka bila kukuonyesha, hapo ndipo baba yako atakuwa amepotea kweli. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ukishuka, usimpe mkono kama walimu. Mwinamishie kichwa, akuguse utosini, ndivyo mtoto anavyomsalimia baba. Usimtajie jina la marehemu. Akinyamaza, nyamaza naye. Usimwambie habari za Mama Paskali, ana umri wa kutosha kutoyasikia hayo.

Nimezungumza na Bura, dereva. Nimemwambia akifika pale azime injini, ushuke usishuke. Amenung'unika kwamba betri ni mbovu na gari litasukumwa, nikamwambia lisukumwe. Maana injini ikinyamaza, kutakuwa na upepo tu na kengele za ng'ombe ambazo hutajua zinatoka wapi, na katika hizo utasikia sauti ya mzee inaita, "Naserian." Ndilo jina alilokupa baba yako ulipozaliwa. Hapa hatukulitumia, katekista alitaka la kwenye Biblia. La kwake mwenyewe haliitwi tena na yeyote, lakini hili lako wamekuwa wakilitaja kule miaka yote hii, wakiulizana umefika wapi, umekuwa mrefu kiasi gani.

Wakikuita, itika.

Ni mimi mjomba wako,
Danieli